Uso Uliobaki Kwenye Kitambaa cha Pasi

Nyakabanda, Alhamisi, 8 Novemba 1984

Na bado sijamwambia.

Jana nilikuahidi, shajara yangu, kwamba leo asubuhi kabla Idrisa hajaenda kwenye cherehani yake ningemweleza yote. Asubuhi ikaja. Nilimfungia vifungo vya shati mwenyewe, kimoja kimoja kutoka chini, na kwa kila kifungo nilijiambia: sasa. Nilipofika cha shingoni alinishika vidole akasema, "Madamu, mbona mikono baridi hivi?"

Nikajibu kwamba ni mvua.

Mvua ipo kweli. Ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa inapiga bati letu kama watu wanaomwaga maharagwe. Njia yetu ya kushukia dukani imekuwa tope jekundu tupu, na jirani zangu wanapita wameshika viatu mkononi. Siku kama hii, wiki tatu zilizopita, ningeiita siku ya mapenzi. Ningechemsha chai ya tangawizi, nikakaa mlangoni kumngoja mume wangu kama binti kwenye hadithi.

Nimeolewa wiki saba, na bado nikiandika "mume wangu" kalamu inataka kucheka. Nampenda anavyobana pini midomoni huku akiimba bila maneno. Nampenda anavyokaa mezani kula na futi ya kitambaa bado shingoni. Nampenda anavyoniita Madamu kwa sababu nimemaliza sekondari, kisha anawaambia wateja, "Mke wangu amesoma sana, ameanza na hesabu, sasa amefika kwenye gundi." Ana kovu chini ya mdomo, upande wa kushoto, alilopata utotoni alipoangukia mkasi. Ni dogo kama punje ya mchele. Hilo kovu ni langu. Kila asubuhi nalibusu kabla ya kitu kingine chochote.

Nakuandikia haya ili ujue kwamba anayelia leo si mwanamke asiye na furaha. Ninayo, nyingi mno, na ndiyo maana naogopa hivi.

Leo nitaandika kila kitu, hata nilichokuficha wewe jana.

Ilianza na ile albamu. Sekondari tulikuwa na Sista aliyetufundisha kuchora. Alikuwa akituletea magazeti ya zamani, makasha ya sabuni na majani makavu, akatuambia tukate, tubandike, halafu tuchore juu yake. Aliita kolaji. Wenzangu waliona ni mchezo wa watoto, lakini mimi nilikuwa nikikosa hata chakula cha mchana kwa ajili yake. Tulipooana, Idrisa aliniletea kutoka duka la vitambaa buku kubwa la sampuli lililokwisha kazi, la kurasa za kadibodi nene, kila ukurasa una alama za miraba ya nguo zilizobanduliwa. "Nimeona linakufaa," alisema, na kweli lilinifaa mpaka nikamrukia shingoni mbele ya mgeni.

Nilipanga kurasa zake ziwe za familia yetu, nimpe Idrisa siku ya Maulidi.

Ukurasa wa kwanza ni harusi. Nimebandika kipande cha lesi ya mtandio wangu, kadi ya mwaliko, na mwezi nilioukata kwenye karatasi ya kung'aa ya pakiti ya majani ya chai. Kuzunguka pembeni nimechora maua kwa hina ile ile iliyobaki siku ya kupakwa mikono, nimeikoroga na ndimu, na mpaka leo ukiinamia ukurasa unasikia harufu yake. Ukurasa wa pili ni mimi, nimevaa sare ya shule, nyuma yangu nimeweka karatasi za daftari la jiometria. Wa tatu ni mama mkwe alipokuwa kijana, amesimama mbele ya duka lake dogo Kabuga, mkono kiunoni, na nimemshonea fremu kwa uzi mwekundu, tundu kwa tundu, sindano ikipita kwenye kadibodi mpaka vidole vikatoka damu.

Wa nne ulikuwa wa baba mkwe.

Hapa lazima nieleze kopo. Siku ya mwisho ya fungate, mama mkwe alikuja kutoka Kabuga na kapu la ndizi, na chini ya ndizi kopo la biskuti limefungwa kwa kamba. Alikaa, akaonja chai yangu, akaiweka chini.

"Hii chai ya watu wa shule," akasema. "Maji mengi, maelezo mengi."

Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka, nami nikacheka, maana nampenda. Kisha akafunga mlango na kufungua kopo. Mlikuwa na picha kumi na moja.

Katika ukoo wao, Alhamisi jioni mwanamke wa nyumba huwasomea marehemu Fatiha, mmoja mmoja kwa jina. Mama mkwe amefanya hivyo miaka yote, na sasa alitaka nami nianze. Lakini hataki marehemu wake wasomewe na mtu asiyewajua. "Usiwasomee kama mwalimu anayeita majina darasani," aliniambia. "Ukisema jina, umwone mtu." Akanionyesha shangazi, mjomba, bibi mwenye kipini, mtoto aliyekufa kwa surua. Ya mwisho ilikuwa ndani ya leso nyeupe. Aliifungua kwa kucha, polepole.

"Huyu ndiye Salumu wangu."

Mzee Salumu alikuwa fundi cherehani kama mwanawe. Baba yake alikuja na wafanyabiashara kutoka Ujiji, na yeye alizaliwa njiani kabla hawajafika huku. Picha alipigwa katika mji wa Usumbura, alipokwenda kununua vitambaa, ameketi, anaonekana mpaka kiunoni, mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua. Amevaa kanzu, koti juu yake, kofia ya kushonwa kwa mkono, na mikono yake miwili imekaa juu ya fimbo. Mwaka uliofuata alikufa. Idrisa alikuwa hajaanza kutembea.

"Ni moja tu hii," mama alisema. "Mpiga picha alihama zamani. Idrisa hamjui baba yake ila hapa."

Akairudisha kwenye leso, akanisukumia kopo lote.

"Kaa nazo, mwanangu. Ujifunze watu wako. Mwezi wa kumi na moja usiishe hujaniletea. Usimpe Idrisa, usimpe mtu wa basi. Uje nazo mwenyewe, kwa mkono wako."

Alisema nijifunze. Hakusema nibandike.

Ningeweza kwenda mjini kwa mpiga picha anitolee nakala. Ningependa kuandika kwamba sikufikiria hilo. Nilifikiria. Nikaona nakala itachelewa, na itakuwa imefifia, na ukurasa wangu hautakuwa na ile rangi nzuri ya kahawia ya picha ya zamani. Nilikuwa naona tayari Idrisa anafungua ukurasa wa nne na kunitazama mimi. Si baba yake. Mimi.

Basi, Jumatatu. Nilipika gundi ya unga wa muhogo, nzito kama uji wa mgonjwa. Nilikata koti dogo kwenye kitambaa kilichobaki dukani, nikalipanga pembeni. Nikapaka gundi nyuma ya picha ya Mzee Salumu na kuilaza katikati ya ukurasa. Ilikaa vizuri. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikaitazama, nikajipongeza kwa sauti kabisa.

Baada ya muda ikaanza kuvimba. Gundi ilikuwa na maji mengi, picha ikajikunja pembe, katikati ikapata mapovu. Nikaibonyeza kwa kiganja, likishuka povu hili linapanda jingine.

Nikafanya kile ambacho kila mtu wa nyumba ya fundi angekifanya. Kola ikikataa kulala, Idrisa huitandikia kitambaa chenye unyevunyevu na kuipiga pasi. Nimemwona akifanya hivyo mara mia, na kila mara kola inalala kama imesikia amri. Nikatia makaa kwenye pasi, nikalowanisha kitambaa, nikakitandaza juu ya baba mkwe wangu.

Nikabonyeza. Nilisikia ile sauti ya mvuke na nikafurahi.

Nilipoinua kitambaa, uso ulikuja nacho.

Sikuelewa ninachokiona. Kwenye ukurasa kulikuwa na kanzu, koti, mikono na fimbo, na juu yake ncha ya kofia. Kati ya kofia na kola hapakuwa na mtu. Palikuwa na karatasi tupu, nyeupe, ina majimaji. Na upande wa chini wa kitambaa palikuwa na kitu kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, laini, umejikunja, na ndani yake jicho moja linanitazama kinyumenyume.

Nilijaribu kuurudisha. Uligawanyika mikononi. Ulipokauka ulipasuka vipande vidogo, na nilipopumua karibu nao vikaruka.

Nilikaa sakafuni mpaka makaa yakazimika ndani ya pasi.

Jumanne Mama Furaha aliingia kuomba chumvi. Ni jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, Kiswahili chake cha sokoni.

"Yewe, bibi-arusi! Iko nalia nini tangu jana? Bwana alikupiga?"

"Hajanipiga."

"Basi umeshika mimba."

Nikamwonyesha ukurasa. Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Yoo, Mana yanjye, Mungu wangu. Sura yake iko wapi?"

Nikamwonyesha kitambaa. Alikitazama, akakirudisha mezani kwa vidole viwili. Halafu akaanza kupima ile picha kwa macho, kichwa upande.

"Lakini hii mikono iko ya Idrisa kabisa. Hata kukaa, iko kukaa ya Idrisa. Bandika sura ya bwana yako hapo. Si iko mtu moja? Mzee hawezi rudi kusema, hapana, hii si mimi."

Nilicheka. Mbele ya picha ile, nilicheka.

Jana Jumatano, asubuhi, nilikwenda mjini kwa mpiga picha, nimefunga kitambaa kile ndani ya karatasi. Alikuwa mzee mwenye miwani, mpole. Alisikiliza mpaka mwisho. "Madamu," akasema, "mimi natoa picha kwenye filamu. Kwenye kitambaa cha pasi sijawahi." Akanisindikiza mpaka mlangoni.

Na sasa hiki ndicho nilichokuficha jana, shajara. Nilikuandikia kwamba nilirudi nikapika. Sikupika.

Kwenye droo kulikuwa na picha moja ya kitambulisho ya Idrisa, iliyobaki alipopiga mwezi wa harusi. Niliichukua, nikakata uso wake kwa mkasi mdogo wa matundu ya vifungo, nikauweka kwenye lile pengo. Ulitosha. Mama mkwe huwa anasema baba na mwana ni kitu kimoja, na mimi nilidhani ni maneno ya mama. Uliingia kati ya kofia na kola kana kwamba ulikuwa unangojewa. Nikaupaka chai nzito ili uwe wa kahawia kama koti. Nikasaga mkaa, nikamtia sharubu kidogo na kivuli chini ya macho ili azeeke.

Kikabaki kitu kimoja. Chini ya mdomo, upande wa kushoto, punje ya mchele.

Nikachovya kidole kwenye mkaa, nikalifuta kovu la mume wangu.

Nilipomaliza ilikuwa kazi nzuri. Lazima niseme ukweli: ni kolaji nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nikaifunga, nikaja kwako kuandika kwamba kesho nitamwambia.

Leo mchana niliiacha albamu wazi mezani ili chai ikauke. Nilikuwa jikoni nje, naangalia maharagwe, nikijua Idrisa harudi mpaka jioni. Lakini kwa mvua hii hakuna mteja. Niliporudi ndani nilimkuta amesimama mbali kidogo na meza, maji yanamchuruzika kwenye koti, mikono ameiweka nyuma kama mtoto aliyeambiwa asiguse.

"Ni yeye?" akauliza.

Nilikuwa na nafasi. Mungu aliniwekea nafasi pana kama uwanja.

"Ni yeye," nikasema.

Hakunitazama. "Mama alinionyesha mara moja nilipokuwa na miaka tisa hivi, akaifunga upesi kwa sababu alianza kulia. Nimekuwa nausahau mdomo. Nilikuwa nikijiuliza alikuwa na mdomo gani." Akajigusa wake. "Kumbe ndio huu."

Akajipangusa uso kwa mkono, akaweka sawa kola yake iliyolowa.

"Shikamoo, baba."

Aliisema nusu kwa mzaha, unajua alivyo. Akangoja kidogo, akanigeukia. "Haitikii. Kweli huyu ni mzee wa Kiswahili, anangoja nimtambulishe mke kwanza." Akanivuta kwa kiuno, akanisimamisha mbele ya ukurasa. "Baba, huyu ndiye Mariamu wangu. Amesoma mpaka sekondari. Chai yake bado, lakini tunamwombea."

Nami nilicheka tena. Sijui kicheko changu kinatoka wapi siku hizi. Kinatoka tu.

Alikula akiwa amesimama ili aendelee kutazama. Kila baada ya tonge anasema kitu: alivyobana bega moja, alivyokaza macho kwa mwanga. Vyote ni vyake. Alikuwa akijisifu mwenyewe bila kujua, na kila neno lilinichoma kama pini aliyoisahau kwenye nguo. Akasema Jumapili tumpelekee mama ukurasa huu, aone mkwe wake ni mtu wa namna gani. Nikasema haujakauka. Akasema basi wiki ijayo. Alipokwenda alikuwa anapiga mluzi, na niliusikia mluzi ule mpaka kwenye kona, katikati ya mvua.

Nilikuwa nadhani jambo baya kuliko yote ni kumwambia nimeharibu picha ya baba yake. Sasa nimempa baba wa uongo, na amempenda.

Baada ya swala ya alasiri nilichovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, nikailaza juu ya ule uso. Gundi ya muhogo haina ukaidi. Pembe iliinuka, nikaishika, ikaja yote bila kuchanika. Nikaufuta mkaa taratibu, sharubu, vivuli, mpaka kidevuni. Kovu likarudi.

Nilimbusu pale pale, kwenye karatasi iliyolowa, kisha nikauweka uso wake mezani ukauke.

Ikafika saa ya kuwasomea marehemu. Nilitia udhu, nikatandika mkeka. Nikasema jina la shangazi, nikamwona. Mjomba, nikamwona. Bibi mwenye kipini, nikamwona mpaka kipini. Mtoto wa surua, nikamwona na kijishati chake. Nikasema: Salumu.

Nikaona kanzu. Nikaona koti, vifungo vitatu, na ile fimbo. Niliiona mikono yake vizuri kabisa, kidole gumba cha kulia kimebonyea kama cha watu waliosukuma sindano miaka mingi. Nikapanda kwa macho ya moyoni mpaka kwenye kola. Nikaendelea kupanda.

Hapakuwa na kitu.

Nimekaa na picha ile wiki tano na zaidi. Niliipima kwa rula. Nilijua ukubwa wake, rangi yake, itakaa wapi kwenye ukurasa, kitambaa gani kitapendeza pembeni yake. Sikuwahi hata mara moja kukaa chini na kumtazama yule mtu usoni kama nilivyoambiwa. Nilikuwa natazama kitu cha kubandika.

Kama ningekuwa nimejifunza, leo ningeweza kumwambia Idrisa: nimeharibu karatasi, lakini baba yako alikuwa na macho ya namna hii, nyusi za namna hii, kaa hapa nikueleze mpaka umwone. Hata hilo sinalo la kumpa. Nimekwenda shule miaka yote ile, na somo moja nililopewa na mama mkwe wangu, la watu kumi na mmoja tu, nimeshindwa.

Nililia kwenye mkeka mpaka Mama Furaha akagonga ukuta. "Bibi-arusi! Bado iko nalia? Mwambie bwana, umalize, sisi tulale!" Na ilikuwa hata magharibi haijafika. Nadhani ndiye mtu aliyenishauri vizuri kuliko wote wiki hii, yeye yule yule wa juzi.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimewasha taa. Nimeiacha albamu wazi kwenye ukurasa wa nne, na pengo lake. Kando yake nimeweka uso wa Idrisa niliokata, na kando ya huo kitambaa cha pasi, upande wake wa chini ukiwa juu, na zile chembe zilizobaki. Hakuna atakayehitaji kuelezwa vitu hivi vimefuatanaje. Lakini nitavieleza, kwa mdomo wangu, kimoja kimoja, kama vifungo.

Sijui atafanya nini. Hajawahi kunikasirikia, kwa hiyo sijui uso wake wa hasira ukoje. Labda atakaa kimya. Labda atarudi mvuani. Akirudi mvuani sitamzuia, ila nitamwomba avae lile koti jingine kavu.

Na akikaa, nitamwambia twende wote. Amebaki mtu mmoja tu duniani anayeujua uso ule, na ana umri mkubwa, na anaishi Kabuga peke yake na duka lake. Hajawahi kumsimulia Idrisa, kwa sababu picha ilikuwepo, na kila alipoifungua alilia. Nitaketi miguuni pake. Nitamwambia nilichofanya, nitanyamaza akinitukana, na akimaliza nitamwuliza alikuwaje. Sitachukua kalamu wala mkasi. Nitasikiliza tu.

Asipotaka kusema, itakuwa haki yake.

Magharibi imekwisha. Watu wanatoka msikitini, nasikia miavuli. Kuna mmoja anapiga mluzi.

Kuna mtu anakwangua matope kwenye kizingiti chetu, kiatu cha kulia kwanza kama kawaida yake.

Mama, picha zako kumi zimo kwenye kopo, na leso nimeifua. Ya kumi na moja nitakuletea ilivyo. Idrisa awe pembeni yangu au niwe peke yangu, kabla mwezi huu haujaisha nitakuja Kabuga, kwa mkono wangu.